Hodi Kutoka Ndani

Jioni ile nilitumwa skrubu tu.

Mume wangu alikuwa amezisahau kwenye mfuko wa shati alilolivua mchana. Akapiga simu kwa jirani, jirani akaniwekea simu sikioni, nikamsikia anacheka. "Mama Kinda, niletee skrubu za bawaba. Mlango nimeshausimamisha, lakini unacheza kama jino la mzee."

Nikambeba mwanangu mgongoni, nikazifunga skrubu kwenye pindo la nguo yangu, nikateremka kuelekea kwenye maji.

Jua lilikuwa linazama. Mafundi wa boti walikuwa wameshaondoka. Pale chini palibaki maranda, harufu ya rangi, na mbwa mmoja aliyelala juu ya rundo la kamba. Boti yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, karibu na matete, imeegemezwa kwa magogo huku na huku. Juu yake kilisimama kibanda ambacho mume wangu alikuwa anakijenga kwa mikono yake. Kwa mbali kilionekana kama kabati lililopandishwa juu ya karai.

Nilipofika chini ya ngazi nikasikia msasa.

Shwaa... shwaa... shwaa...

Polepole. Kama mtu anayesugua ubao na hana haraka ya kwenda kwake. Nikajua ni yeye, analainisha mlango kwa ndani. Nikapanda. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikasimama mbele yake, nikaanza kufungua fundo la skrubu, macho chini.

Msasa ukanyamaza.

Ngo, ngo, ngo.

"Hodi..."

Sauti ya upole. Ilikuwa inahema kidogo, kama ya mtu aliyetoka mbali na mzigo kichwani.

Mimi ni mtu wa haya tangu utoto. Mbele ya watu maneno hunikauka, hata bei ya nyanya naiuliza kwa kunong'ona. Lakini hodi haihitaji ujasiri. Hodi hujibiwa na mdomo wenyewe, kama jicho linavyojifumba likiona vumbi.

"Karibu," nikasema.

Ndipo nikainua macho, nikaliona komeo. Lilikuwa upande wangu, upande wa nje, na lilikuwa limesukumwa mpaka mwisho.

Likarudi nyuma taratibu.

Lenyewe.

Mlango ukafunguka kidogo, nafasi ya kupita mtu mwembamba. Hakutoka mtu. Ilitoka harufu, ile ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Kitu cha baridi kikanipita begani. Na Kinda, aliyekuwa amelala fofofo mgongoni, akaamka akacheka. Kicheko kile anachompa mtu anayemjua.

"Unamkaribisha nani?"

Nikageuka kwa kushtuka. Mume wangu alikuwa chini ya ngazi. Mikono yake ilichuruzika maji mpaka viwikoni, alikuwa ametoka kunawa.

"Wewe... hukuwa ndani?"

"Ndani nifanye nini na giza linaingia? Nimefunga komeo ili upepo usiniangushie mlango." Akapanda, akachungulia kibandani. "Hamna hata panya. Hebu lete skrubu."

Nikampa. Lakini njia nzima ya kurudi swali moja lilinizunguka kichwani kama nzi. Hodi hupigwa na aliye nje. Yule alikuwa ndani. Sasa alikuwa anaomba kuingia wapi?

*

Boti ile mume wangu aliachiwa na mjomba wake. Ilikuwa ya kubebea mchanga, pana, wazi kama sinia. Yeye mwenyewe ni seremala wa vitanda. Lakini kazi ya kusafirisha mizigo kwa maji ingemweka mbali nasi wiki baada ya wiki, na mwenye nyumba alikuwa anakitaka chumba chetu kwa sababu mwanawe anaoa. Mume wangu akasema, "Basi tutahamia sote humo. Nitajenga chumba juu ya boti. Mama Kinda, utalala unabembelezwa bure."

Mafundi wa boti walimcheka. "Fundi vitanda, na foronya utaweka?" Mwingine akadakia, "Siku ya kuishusha tuambie, tuje na mito!" Alicheka nao, akaendelea. Mbao za paa alizifukiza kwa mvuke wa pipa mpaka zikalegea, tukazikunja sote wawili, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, mikono imefungwa matambara. Nyufa za kuta nilizijaza mimi, pamba na mafuta, nikiishindilia kwa patasi butu huku mtoto amelala kwenye maranda. Kwa hiyo kibanda kile nakijua kama ndani ya kinywa changu. Mume wangu akisimama katikati na kunyoosha mikono, vidole vyake hugusa kuta zote mbili.

Kitu kimoja tu hatukukitengeneza wenyewe. Mlango.

Mlango ulitoka kwenye nyumba ya Bibi Komeo, kikongwe wa mtaa wetu. Jina hilo alipewa na watoto, kwa sababu jua likianza kuzama tu ulisikia komeo lake: kra! Baada ya hapo ungebisha mpaka vidole vichubuke. Hajibu. Hafungui. Watu walisema ana roho ya kutu. Alipofariki nyumba yake ikabomolewa, na mume wangu akauchukua ule mlango kwa mkokoteni. Ulikuwa wa mbao nzito, nyeusi, na bawaba za chuma na komeo lake vyote vipo. Alikuja anausukuma kama mtu anayeleta bibi harusi.

Dada yake mkubwa, wifi yangu, akasimama katikati ya njia. Wifi ndiye aliyemfulia na kumpikia Bibi Komeo mpaka siku yake ya mwisho.

"Rudisha huo mlango," akasema.

"Kwani unautaka wewe, dada?"

"Rudisha, nimesema."

"Niurudishe wapi? Nyumba yenyewe haipo. Niuegemeze hewani?"

Waliokuwepo wakacheka. Wifi hakucheka. Wala hakumtazama mdogo wake. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Kinda mgongoni kwangu, muda mrefu. Tangu siku ile nikaanza kumwogopa. Nikajiambia, huyu ana lake jambo.

*

Asubuhi iliyofuata jioni ile ya skrubu, nilikuwa nje nafua na majirani. Kinda alikuwa ndani. Tunamwita Kinda kwa sababu alizaliwa mdogo kama kifaranga, na wakati huo alikuwa anajua maneno machache tu: mama, maji, paka, sitaki. Akasimama nyuma ya mlango ulio wazi nusu, akakunja kidole, akaugonga kwa ndani.

"Odi."

Majirani wakaangua kicheko. "Mama Kinda, mwanao ana adabu ya kinyumenyume! Anabisha hodi akitaka kutoka!"

Nikacheka nao. Kinda hakucheka. Alibaki pale pale kizingitini, anangoja ruhusa, mpaka nilipokwenda kumbeba.

Wakati wa kula akasogea kwenye mkeka. Akasogea tena. Alikuwa anampisha mtu. Nilipomvuta karibu yangu akalia kwa uchungu. Akachukua chakula kidogo kwenye sahani, akakiweka pembeni, kwenye mkeka mtupu. Akangoja. Kisha akatabasamu, kama aliyeambiwa asante.

Na jioni, jua lilipozama, akaanza mchezo mwingine. Alinyoosha mkono mmoja juu, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Mlangoni na kurudi. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa, vimeshika kitu. Nikavigusa.

Baridi. Na vimelowa.

"Baba Kinda," nilimwambia mume wangu, "kuna kitu humu ndani."

"Kitu gani?"

Ningesemaje? Akanishika bega, akasema nimechoka, tukihamia kwenye boti nitapumzika.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka bombani nikamkuta wifi chumbani kwetu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Kinda, mgongo umenielekea. Alikuwa ananong'ona.

"Mgeni wako yuko wapi?"

Kinda akanyoosha kidole. Akaonyesha nafasi iliyokuwa katikati yangu na mlango.

"Eeh. Ameshaaga?"

Kinda akatikisa kichwa.

Ndoo ikaniponyoka. Wifi akasimama, wala hakushtuka. Maji yalimfikia miguuni, hakuyakwepa.

"Wifi," akasema, "nani alimwambia karibu?"

Alijuaje? Aliyenisikia jioni ile ni mume wangu tu, naye hakuona kitu.

"Umemfanya nini mwanangu?" nikanong'ona.

Akaguna. "Haya. Nichukie, nimezoea. Lakini jioni usimwache peke yake. Hata ukienda chooni, nenda naye."

Akaondoka. Nikambeba Kinda, nikamnusa kichwani. Nywele zake zilinuka nguo mbichi.

*

Siku ya kuhamia, boti ilikuwa imeshashushwa majini, imefungwa kwa kamba mbili, inapumua juu na chini. Mchana nilitangulia na sufuria, Kinda kiunoni. Nilipokaribia kibanda nikasikia chuma kinakwaruza.

Wifi alikuwa ndani, mlango ameuvuta kwake. Mkono mmoja unapapasa mbao, mkono mwingine umeshika bisibisi. Skrubu za bawaba zilikuwa zinatoka.

Mimi, mtu wa kunong'ona, nilipiga yowe. "Baba Kinda! Njoo umwone dada yako!"

Mume wangu akaja mbio na godoro dogo la mtoto kichwani. "Dada! Unanibomolea nyumba?"

"Weka kidole hapa," wifi akasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa. Usinitolee macho, weka kidole."

Upande wa ndani wa mlango, usawa wa kifua, palikuwa na kishimo. Nilikuwa sijakiona. Kilikuwa laini, kimezama kama bakuli la kijiko. Mume wangu akakunja kidole, akakiweka pale. Kifundo cha kidole kikaingia sawasawa.

"Hapo ndipo palipobishwa hodi," wifi akasema. "Jioni hadi jioni, miaka yote ya yule bibi. Hapo palikuwa nje. Wewe umepageuza ndani."

Mume wangu akashusha pumzi, kama anayemwelewesha mtoto. "Dada, mlango wa nyumba hufunguka kwa ndani. Wa boti lazima ufunguke kwa nje, ili wimbi likiupiga liufunge, lisiufungue. Bawaba zimechimbiwa upande mmoja tu, kwa hiyo nikaugeuza. Huo ni ufundi, si uchawi. Hata komeo nitalihamisha."

"Umefanya nje ikawa ndani. Aliyekuwa anabisha nje, sasa umemjengea chumba."

"Nani huyo?"

Maji yakapiga ubavu wa boti.

"Bibi hakunitajia," wifi akasema mwishowe. "Nilipomuuliza alisema maneno haya tu: jioni moja nilichelewa kufungua."

Mume wangu akacheka, lakini kwa pua. Akazirudisha skrubu. "Haya, mabibi. Kesho kukicha nitaugeuza, mpate usingizi. Leo nina mizigo." Akashuka kwenda kuchukua mkokoteni.

Tukabaki wawili. Wifi akanisogelea. Nikampeleka Kinda upande wa pili wa kiuno.

"Sikiliza. Akishakaribishwa hafukuziki. Ni mgeni. Mgeni hukaa, hula, kisha huaga. Na anayeaga husindikizwa. Wifi, kwenu nani hutumwa kumsindikiza mgeni?"

Kila nyumba jibu ni lile lile. Mtoto, msindikize mgeni.

"Na akisema kwaheri," akaendelea kwa sauti ndogo, "funga mdomo. Unajua tunavyomjibu anayeaga. Usimjibu hivyo."

Nilikuwa namsikiliza huku nikiitazama bisibisi mkononi mwake. Anayajuaje yote haya? Nikafikiri, mwizi wa kuku ndiye anayejua kuku wamelala wapi. Nikamwambia asante, nikaenda kukaa na mwanangu mwisho wa boti, mbali naye.

*

Wingu likatanda mapema. Maji yakawa rangi ya risasi. Mume wangu alikuwa amekwenda kuleta mzigo wa mwisho, godoro letu kubwa. Wifi alikuwa amekaa juu ya gunia karibu na ngazi, magoti yamekunjwa, hataki kuondoka.

Boti ikayumba. Rundo la sufuria likaanza kuteleza kuelekea majini. Nikamweka Kinda chini, nikaruka kuzidaka.

Nilipogeuka alikuwa anatembea.

Mkono mmoja juu. Vidole vimekunjwa.

"Kinda!"

Hakugeuka. Mbele yake komeo likarudi nyuma. Mlango ukafunguka. Ile harufu ikajaa kote.

"Haya," sauti ikasema. Upole ule ule, kuhema kule kule. "Nimekaa vizuri. Nimekula. Sasa naaga. Naomba mtoto anisindikize."

Nikafungua mdomo nipige kelele. Mkono ukanifunika mdomo kutoka nyuma. Mkono wa wifi, mgumu kama ubao.

"Usimpigie kelele," akanong'ona sikioni. "Mgeni akitukanwa anachukua..."

Sikungoja amalize. Nilijua tu kwamba mwanangu anaondoka na huyu mwanamke amenishika. Nikamng'ata. Nilihisi ngozi inapasuka. Akaniachia. Nikakimbia, nikaingia.

Sakafu ya kibanda kile mume wangu aliipiga randa mwenyewe. Mguu wangu ulikanyaga udongo.

Udongo uliolowa. Baridi.

Nikanyoosha mkono wa kulia nishike ukuta. Ule niliouziba mimi, ufa kwa ufa. Hakuna ukuta. Nikanyoosha wa kushoto. Hakuna. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mbali, na mahali fulani matone yalikuwa yanaanguka, to... to... to... kama nguo iliyoanikwa bila kukamuliwa. Nyuma yangu mlango ulibaki kipande cha mwanga. Mbele, kivuli kidogo cha mwanangu, mkono juu.

Nikamfikia. Nikaushika ule mkono wake, nikapanda nao juu mpaka vidoleni. Nikapita vidole vyake.

Nikashika mkono mwingine.

Mwembamba. Umevaa nguo ya mikono mirefu iliyolowa chapachapa.

Sijui maneno yalitoka wapi. Yalitoka kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia maishani.

"Mwache mtoto. Mgeni ni wangu. Mimi ndiye niliyesema karibu. Nitakusindikiza mwenyewe."

Matone yakaacha.

Kisha vidole vya Kinda vikaachiwa, kimoja kimoja. Nikamsukuma kuelekea kwenye mwanga bila kugeuka. Nikasikia miguu yake midogo, nikasikia wifi anasema, "Njoo, mama, njoo kwa shangazi," kwa sauti ya kulia. Ndipo nikajua nimemng'ata nani.

Tukatembea. Siwezi kusema ni mbali kiasi gani. Ndani ya kibanda ambacho mtu hugusa kuta zote mbili, tulitembea mpaka miguu ikauma. Ule mkono haukunivuta. Ulikuwa umepumzika tu mkononi mwangu, kama wa mtu mzima anayeogopa kuteleza. Mara moja tu ulizungumza.

"Mna nyumba nzuri."

Nikatazama nyuma. Mwanga ulikuwa umebaki kama tundu la ufunguo.

"Mimi naishia hapa," nikasema.

Tukasimama. Nikauachia.

"Asante, mwanangu. Kwaherini."

Sauti ikangoja.

Nilijua inangoja nini. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Yalikuwa yanauma kama chafya. Mdomo ulitaka kujijibu wenyewe, kama ulivyojijibu jioni ile ya kwanza. Nikauma ulimi. Nikauma mpaka nikaonja chumvi. Haya yangu ambayo watu wameicheka tangu nikiwa darasa la kwanza, ile ya kushindwa kumjibu mtu mbele ya macho yake, jioni ile niliishika kwa mikono miwili.

Nikanyamaza.

Ikahema. Ikangoja zaidi.

Na huko nyuma, mbali, nikasikia ngazi inalia. Mume wangu alikuwa anapanda na godoro kubwa kichwani, limemfunika mpaka mabegani, haoni kitu. Mume wangu mpenda watu. Mume wangu ambaye hajawahi kumwacha mgeni aondoke bila neno jema.

"Haya!" akaita kwa furaha. "Karibu tena!"

Ukuta ukanigonga mkononi.

Mbao. Pamba. Mafuta. Nilikuwa nimesimama ndani ya kibanda chetu, hatua moja kutoka mlangoni, nyayo zangu zimejaa udongo.

Wifi alikuwa amekaa chini, Kinda mapajani, damu ya mkono wake inadondoka kwenye nguo ya mtoto. Alimtazama mdogo wake kwa muda. Hakumtukana. Alisema tu, "Umemwambia nini?"

"Nani?" Mume wangu akatoa kichwa chini ya godoro, anatabasamu. "Si kuna mtu alikuwa anaaga?"

*

Kulipopambazuka aliugeuza mlango. Alifanya kazi bila mzaha hata mmoja. Nilimwomba auchome, akawa tayari, kiberiti mkononi. Wifi akamzuia.

"Ukiuchoma atabisha wapi? Kwa nini unafikiri yule bibi hakuuchoma?"

Basi upo. Sasa unafunguka kwa ndani, kinyume cha ufundi wa boti. Wimbi kubwa likija linaweza kuusukuma ukafunguka. Mafundi walimwambia mume wangu hivyo, wakamcheka tena fundi vitanda. Akajibu, "Heri wimbi." Kishimo kiko nje. Komeo liko ndani, na ni mimi ninayelifunga, jua likianza tu kuzama. Wifi akija kututembelea habishi hodi. Hugonga ubavu wa boti kwa jiwe, kisha anaimba wimbo wa kijinga alioutunga juu ya meno yangu. Alama bado anayo mkononi. Mimi bado sijui kama yote aliyoyajua aliambiwa na Bibi Komeo, au mengine aliyaona mwenyewe. Nimemuuliza. Anacheka, anabadilisha mazungumzo.

Kinda amekua, anaongea mpaka anachosha. Hakumbuki kitu. Lakini akiingia mahali bado husogea kidogo pembeni, kama anayempisha mtu.

Watu wa maji wanasema nina maringo. Wanasema ukipita kwenye boti yetu jioni na kusalimia, hujibiwi, wala taa haisogei. Wiki iliyopita nilikwenda kununua mafuta ya taa, nikawasikia watoto nyuma yangu wananong'ona na kucheka. Nikafikiri wanacheka viatu vyangu.

"Huyo ndiye Mama Komeo," mmoja akasema.

Jana tulitia nanga katikati ya maji. Hapakuwa na boti nyingine karibu, wala mwanga wowote ufukweni. Tulikuwa tunakula. Jua likazama, nikafunga komeo. Kra. Nikairudia sahani yangu.

Shwaa... shwaa...

Kama kiganja kinachotafuta mahali pake kwenye ubao. Kikapapata.

Ngo, ngo, ngo.

"Hodi..."

Tukaacha kutafuna. Maji pande zote. Mume wangu akatazama sakafu, kama anavyofanya kila jioni.

"Hodi hapa..."

Kimya.

Kisha, kwa upole ule ule, kwa kuhema kule kule:

"Si mlisema karibu tena?"

Kinda akainua kichwa kuelekea mlangoni, uso umemng'aa, akafungua mdomo.

Nikamwahi. Nikamfunika mdomo kwa mkono wangu, nikakaza kama ubao. Na ndani ya kiganja changu nikahisi meno yake madogo yanatafuta ngozi.